Mganga Anayeitwa Parke Achague Avoka Gani?

Katika vitabu vidogo vya hospitali umezoea kusoma habari za maji ya kunywa, choo, chandarua na maziwa ya mama. Leo tunasema habari za avoka. Usifunge kitabu. Avoka naye anaingia katika mambo ya afya, tena anaingia kwa mlango ambao watu hawautazami.

Tuseme ni siku ya kazi. Wagonjwa wamejaa kwenye mabenchi tangu alfajiri. Mganga yumo katika chumba cha kupasulia. Mtu mwenye mkoba anafika, anauliza mkubwa wa hospitali ni nani, anatoa karatasi yenye muhuri, anaomba mtu atie sahihi katika daftari lake. Karani anatia sahihi, kisha anaweka karatasi ile mezani na jiwe juu yake ili upepo usiichukue. Jioni mganga ananawa mikono, anaisoma akiwa amesimama. Anaitwa parke, Jumatatu ya juma lijalo, saa tatu asubuhi. Mwanamke mmoja alikufa katika maternite miezi miwili iliyopita, na bwana wake amemshitaki.

Mganga huyu anajua kupasua tumbo na kutoa mtoto aliye hai. Ameona damu nyingi katika maisha yake wala hatetemeki. Lakini usiku ule hapati usingizi. Asubuhi anafanya jambo ambalo waganga wengi hulifanya. Anamwuliza dereva, “Unamjua avoka yeyote?” Dereva anajibu, “Ndiyo, Dokta, shemeji yangu. Yeye ni mkali sana.” Basi, shauri limekwisha kukatwa pale pale ndani ya gari, kabla ya chai.

Mgonjwa akifanya hivyo sisi tunamkemea. Mama akileta mtoto aliyechomwa sindano na mtu wa sokoni, tunamwuliza: Ulijua kama mtu yule alijifunza kazi? Alimpima mtoto kwanza, au alichoma tu? Alikuambia ni dawa gani? Maneno hayo ni mazuri. Mganga naye ayakumbuke siku anapomtafuta avoka.

Jambo hili linakuhusu nini wewe?

Labda utasema, “Hilo ni shauri la waganga. Mimi ni mgonjwa tu,” au, “Mimi ni mzee wa kanisa tu.” Sivyo. Kanisa lenye hospitali huandikwa mbele ya Leta kuwa shirika lisilotafuta faida, kwa kufuata sheria namba 004 ya tarehe 20 Julai 2001, na lina mwakilishi mmoja anayetia sahihi kwa jina la wote. Tena kiko kitabu cha sheria za madai cha tarehe 30 Julai 1888, cha zamani sana, lakini kingali kinatumika katika Kongo. Sehemu ya 258 ya kitabu hicho inamwagiza mtu aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake kuitengeneza hasara ile. Sehemu ya 260 inaongeza kwamba mwenye kumwandika mtu kazi anajibu kwa hasara ambayo mtumishi wake ameileta katika kazi hiyo. Basi infirmiye akikosa usiku, si mfuko wake peke yake unaofunguliwa. Linafunguliwa sanduku lile lile linalonunua glavu, seramu na mafuta ya mashine ya umeme.

Tena iko hasara nyingine ambayo haihesabiwi kwa feza. Mganga aliyeumwa na tribinali bila mtu wa kumsaidia vema anaanza kuwaogopa wagonjwa. Mama mwenye hatari akifika, mganga huyo anasema, “Mpelekeni hospitali kubwa,” naye anajua kwamba hospitali kubwa iko mbali na barabara ina mashimo. Hasemi hivyo kwa kuwa hawezi kumsaidia. Anasema hivyo ili mama yule asifie mikononi mwake. Kwa maoni yangu avoka mbaya anaweza kuua watu bila kugusa sindano.

Milango mitatu

Mtu anayeumwa tumbo si lazima awe na minyoo, na mganga aliyeitwa na Leta si lazima awe na kesi ya namna moja. Kifo kimoja cha hospitalini kinaweza kumletea mganga maulizo kwa milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni parke, yaani mlango wa adhabu. Kitabu cha adhabu cha tarehe 30 Januari 1940 kinasema habari za mtu aliyesababisha kifo bila kukusudia, kwa kukosa kuangalia au kukosa kujihadhari. Kifungo chake ni tangu miezi 3 mpaka miaka 2, pamoja na faini. Mlango wa pili ni madai ya feza, kwa kufuata kitabu kile cha 1888. Mlango wa tatu ni wa waganga wenyewe: Ordre ya waganga iliyowekwa kwa sheria ya tarehe 1 Machi 1968, yenye kanuni za kazi zilizotolewa tarehe 30 Aprili 1970. Mbele yake mganga anaweza kuonywa, hata kuzuiwa kufanya kazi. Infirmiye nao wana Ordre yao, kwa sheria ya mwaka 2016.

Angalia sasa. Neno moja lililosemwa vibaya kwenye mlango wa kwanza linachukuliwa mpaka mlango wa pili na wa tatu. Mganga anaandika barua kwa Ordre akijitetea kwa hasira, na barua ile ile inaonekana mezani pa mwamuzi. Kwa hiyo avoka anayejua kesi za mashamba na mipaka, hata kama ni hodari sana, hatoshi kwa kazi hii asipoweza kuiona milango yote mitatu kwa mara moja. Mfundi wa kutengeneza viatu ni mfundi kweli, lakini hatumpi saa kuitengeneza.

Si kila avoka ni avoka

Sheria namba 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979 ndiyo inayopanga kazi ya mavoka katika nchi yetu. Kwa sheria hiyo avoka ameandikwa katika orodha ya baro, na kila baro inakaa pamoja na mahakama ya rufaa ya mahali pake. Mkubwa wa baro anaitwa batonie, naye anachaguliwa na mavoka wenzake. Kijana aliyemaliza masomo hutumika kwanza miaka 2 ya majaribio chini ya avoka wa zamani. Wako pia watetezi wa tribinali, ambao si mavoka. Wana ruhusa ya kusimama mbele ya tribinali ya amani na tribinali kubwa, lakini kesi ikipanda kwenye mahakama ya rufaa hawawezi kuifuata.

Si vibaya kusaidiwa na kijana wa majaribio au na mtetezi. Wengine wana bidii kuliko wakubwa wao. Vibaya ni kutojua. Mganga aulize kwenye ofisi ya baro: “Metre fulani ameandikwa katika orodha yenu? Tangu mwaka gani?” Swali hili halina haya. Karibu na kila tribinali huonekana watu wenye koti na mkoba wanaoitwa Metre na wauza karanga, wala jina lao halimo katika orodha yoyote.

Akiisha kujua hayo, amwulize avoka mwenyewe: “Umekwisha kumtetea mganga au infirmiye? Mbele ya mlango upi?” Avoka mwema atajibu kwa ufupi, bila kutaja majina. Akianza kukusimulia siri za waganga aliowatetea, fulani alikuwa amelewa, fulani alisahau kitambaa tumboni, ondoka polepole. Kesho atakutaja wewe.

Mavoka wawili

Turudi kwa mganga wetu. Mfano huu tumeutunga sisi, usitafute ni hospitali gani.

Alikwenda kwanza kwa shemeji ya dereva. Ofisi ilikuwa nzuri na kiti kilikuwa laini. Mganga hajamaliza kusimulia, avoka akamkatiza: “Dokta, usiogope. Kesi hii tumekwisha kuishinda. Mwamuzi tulisoma pamoja.” Akataja feza ya kazi yake, kisha feza nyingine “ya kufungua mlango.” Mwisho akauliza, “Fishi ya marehemu inashikwa na nani?” Mganga akajibu kwamba inashikwa na mkubwa wa maternite. Avoka akasema, “Vizuri. Mwambie aandike nyingine, yenye saa zilizo nzuri.”

Mganga alirudi nyumbani na moyo mwepesi. Akala vizuri. Lakini usiku akafikiri: Mgonjwa akija kwangu nami nikamwambia “umepona” kabla ya kumgusa, mimi ni mganga wa namna gani? Kesho yake akamwuliza mwenzake wa hospitali nyingine, ambaye alikuwa ameitwa parke miaka iliyopita. Huyu akamtuma kwa avoka mwingine, mwanamke, mwenye ofisi ya chumba kimoja.

Avoka huyu hakusema neno la kushinda. Aliuliza jina la marehemu. Akauliza jina la bwana wake. Akauliza kama mtoto ni mzima. Ndipo akafungua daftari na kuanza: Mtoto alizaliwa saa ngapi? Damu ilianza kutoka kwa wingi saa ngapi? Sindano ya kukaza kizazi ilichomwa saa ngapi, na nani? Nani alikuita wewe, nawe ulifika lini? Damu ya kumwongeza iliombwa saa ngapi? Ilifika saa ngapi?

Akasoma fishi pole pole, kidole juu ya mistari. Kisha akasimamisha kidole.

“Dokta, hapa pana shimo. Tangu saa saba na dakika kumi mpaka saa nane kasorobo sioni kitu kilichoandikwa. Mtu wa parke ataliona shimo hili kama nilivyoliona mimi. Nini kilitokea?”

Mganga alikaa kimya. Kisha akasema, “Mtu wa laboratwari alikuwa nyumbani kwake. Mlinzi alikwenda kumwita kwa miguu.”

“Basi hilo ndilo tutakalosema.”

“Metre, nilitumaini utaniambia sina kosa.”

“Sijui bado kama unalo. Nimesoma fishi moja tu. Niletee orodha ya watu wa zamu ya usiku ule, na daftari la laboratwari.”

Alitoka pale na moyo mzito kuliko alivyoingia. Hata hivyo akamchagua huyo.

Sasa tuonyeshe kwa nini alichagua vema, maana si shauri la upole tu.

Avoka wa kwanza alimwambia abadili fishi. Kitabu kile kile cha adhabu, katika sehemu ya 124, kinataja kosa la kuandika maandishi ya uongo kwa nia ya kudanganya au kudhuru. Kifungo chake ni tangu miezi 6 mpaka miaka 5. Linganisha na kifo kisichokusudiwa, ambacho kifungo chake hakipiti miaka 2. Avoka yule alitaka kumtoa mganga katika dimbwi kwa kumtupa mtoni! Tena fishi mpya inajulikana. Wino ni wa siku moja, mkono ni mmoja toka juu mpaka chini, na daftari la laboratwari linasema saa nyingine. Mtu akikumbuka jambo ambalo hakuliandika usiku ule, aliandike leo kwa tarehe ya leo na sahihi yake, chini ya maneno ya kwanza. Asikwaruze, asipake rangi, asing’oe karatasi. Na feza ya “kufungua mlango,” kwa sheria anayeitoa na anayeipokea wote wawili ni wakosaji.

Avoka wa pili aliuliza saa kwa sababu alijua jambo ambalo wa kwanza hakulijua, au hakulijali. Swali la sheria si “Je, mgonjwa amekufa?” Watu wengi hufikiri hivyo, hata waganga. Katika mwaka 1925 huko Ufaransa mama mmoja aliyeitwa Mercier alitibiwa ugonjwa wa pua kwa mionzi, akaumizwa usoni na mionzi ile. Kesi yake ilipanda mpaka mahakama iliyo kuu, ikakatwa tarehe 20 Mei 1936. Mahakama ilisema kwamba kati ya mganga na mgonjwa kuna mapatano. Mganga haahidi kuponya. Anaahidi kutunza kwa uaminifu na uangalifu, kwa kufuata yale ambayo elimu ya uganga imekwisha kuyathibitisha. Sheria yetu ya madai ilitoka kwa Wabelgiji, nao waliitoa katika kitabu cha Wafaransa, na kwa hiyo mavoka wa Kongo waliojifunza habari za hospitali wanaijua kesi hiyo.

Basi kwa kesi ya mama aliyetokwa na damu, swali ni hili: Mganga mwangalifu, katika hospitali kama ile, na vyombo kama vile, angefanya nini katika dakika zile thelathini na tano? Hilo halijibiwi kwa kujuana na mwamuzi. Linajibiwa kwa fishi, kwa daftari, kwa watu wa zamu, na pengine kwa mganga mwingine mzoefu wa maternite aliyeitwa na tribinali atoe maoni yake. Avoka asiyejua maana ya kizazi kulegea hataweza kumwuliza huyo mzoefu hata swali moja lenye nguvu. Si lazima awe amesomea uganga. Lakini awe tayari kusema, “Sijaelewa, nieleze tena.” Mimi namwogopa avoka anayeelewa kila kitu mara moja.

Siri ya mgonjwa

Avoka mwema anamwuliza mganga pia: Fishi hii imeonwa na nani? Sehemu ya 73 ya kitabu cha adhabu inamfunga mwezi 1 mpaka miezi 6 mtu wa hospitali anayetoa siri aliyoipata katika kazi yake, isipokuwa anapoitwa kutoa ushuhuda mbele ya mwamuzi au sheria inapomlazimisha kusema. Siku hizi jambo hili limekuwa baya sana. Infirmiye anapiga picha ya fishi kwa simu, anaituma katika kundi la rafiki ili “wamsaidie Dokta.” Usiku ule ule mji mzima unasoma kwamba marehemu alikuwa na ugonjwa fulani. Bwana wake anausoma. Sasa mganga ana kesi mbili.

Avoka wa nani?

Hapa waganga wa misioni hukosea sana, tena kwa moyo mwema. Wanasema, “Kanisa lina avoka wake, yeye atanitetea.” Mara nyingi ni kweli, nayo inatosha. Lakini fikiri. Mganga anasema, “Niliomba mtu wa laboratwari alale hapa usiku, komite ilikataa kwa sababu ya feza.” Komite inasema, “Mganga hakuandika barua yoyote.” Sasa avoka yule mmoja atasema neno gani? Akimsaidia huyu, anamwumiza yule. Avoka mwaminifu mwenyewe atasema mapema, “Siwezi kuwashika ninyi wawili, mmoja wenu atafute mwingine.” Mganga asikasirike, na kanisa lisifikiri kwamba mganga amekuwa adui. Kila mmoja kuwa na mtu wake si ugomvi.

Tena aulize kama avoka ana undugu au biashara na jamaa ya marehemu. Katika miji yetu midogo watu wamechanganyika sana, na pengine bibi wa avoka ni binamu wa marehemu. Na kama hospitali ina asuransi, karatasi yake isomwe yote, hata maandishi madogo: ni siku ngapi za kutoa habari, na ni nani anayechagua avoka, hospitali au watu wa asuransi?

Habari ya feza haitaki maneno mengi. Mapatano yaandikwe kwa karatasi. Iandikwe feza ya kazi mbali, feza ya safari mbali, feza ya tribinali mbali, na kila mara kuwe na kipande cha kupokea. Avoka haruhusiwi kupatana kwamba malipo yake yatakuwa tu sehemu ya kile kitakachopatikana katika kesi. Akikuambia hivyo amekwisha kuvunja sheria ya kazi yake mbele yako. Na avoka wa bei ndogo kuliko wote, kwa yale niliyoyaona, humaliza feza nyingi kuliko wote, kwa sababu kila siku ya tribinali anasahau kitu kimoja.

Kabla ya karatasi yenye muhuri

Wakati mwema wa kuchagua avoka ni siku ambayo hakuna kesi. Hatungoji surua iingie kijijini ndipo tuchanje watoto. Komite ya hospitali inaweza kumwita avoka mara moja kwa mwaka. Siku hiyo asome mapatano ya wafanyakazi, aangalie hati za kiwanja, akae nusu siku na infirmiye na kuwaonyesha fishi tatu au nne ambazo hazina saa wala sahihi. Atauliza pia karatasi za zamani zinawekwa wapi. Kosa la kifo kisichokusudiwa linaweza kushitakiwa katika miaka 3, lakini madai ya feza kwa kitabu cha 1888 yanaweza kudumu hata miaka 30. Mchwa hawajui hesabu hiyo.

Siku hiyo hiyo avoka mwema atatembea katika vyumba na kuuliza juu ya wagonjwa waliokwisha kupona lakini hawaruhusiwi kutoka kwa sababu hawajalipa. Wapendwa, tuseme wazi, maana jambo hili liko katika hospitali nyingi za nchi yetu, hata zile za kanisa. Deni ni deni kweli, na hospitali isiyolipwa itafungwa. Lakini Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika sehemu ya 61, inalitaja katazo la kumfunga mtu kwa ajili ya deni kati ya mambo ambayo hayawezi kuvunjwa hata wakati wa hatari ya nchi. Ikiwa mwamuzi mwenyewe hana ruhusa hiyo, mlinzi wa lango la hospitali ameipata wapi? Mganga anayemzuia mama na mtoto wake mchanga kwa majuma mawili anajitengenezea kesi kwa mikono yake. Avoka anayeona hayo na kunyamaza ili asiwaudhi wakubwa wa komite, hafai.

Na mgonjwa je?

Mgonjwa naye ana haki ya kuwa na avoka. Asiye na feza anaweza kwenda kwenye baro na kuuliza ofisi ya mashauri ya bure, ambayo sheria ya 1979 imeiweka kwa ajili ya maskini. Hatuandiki hivi ili watu waende kushitaki hospitali. Tunaandika kwa sababu mganga mwenye avoka mbele ya mjane asiye na mtu, hiyo si kesi, ni kupiga mtoto.

Yule avoka wa pili alimwuliza mganga swali moja ambalo hakulitazamia: “Tangu siku ile umemwona bwana wa marehemu?”

“Hapana.”

“Kwa nini?”

“Niliambiwa nisiseme naye, nitajiharibia.”

Avoka akafikiri. Akasema kwamba kuna maneno ambayo mganga asiyaseme peke yake barabarani, hilo ni kweli. Lakini kumpa mtu pole na kumweleza jinsi bibi yake alivyokufa si kujiharibia. Akamwandikia avoka wa bwana yule, wakapatana siku, wakakutana katika chumba cha mchungaji, watu watano. Alionya mbele kwamba mkutano huu hautafunga mlango wa parke, maana kesi ya adhabu haiko mikononi mwa jamaa tu, na kila mtu aliyekuwamo alilielewa jambo hilo.

Mganga alieleza yote kwa saa na dakika, pamoja na lile shimo. Bwana wa marehemu alisikiliza, kofia yake magotini. Hakutaja feza. Aliuliza neno moja tu.

“Usiku ule nilikuwa nje ya mlango. Nilikaa pale pale mpaka asubuhi. Kwa nini hakuna aliyeniita nipimwe damu?”

Mganga alimtazama avoka wake. Avoka hakumjibia. Basi mganga akajibu mwenyewe, “Tulipaswa kukuita. Hatukukuita.”

Juma lile lile komite ilitoa chumba kimoja kando ya laboratwari ili mtu wa zamu alale humo. Na Jumatatu, kabla ya saa tatu, mganga alikuwa amekwisha kukaa kwenye benchi nje ya ofisi ya parke, avoka wake upande wa kushoto, fishi ndani ya bahasha, haikubadilishwa hata nukta. Bwana wa marehemu alipofika alikaa kwenye benchi lile lile, kwa kuwa lilikuwa moja tu.